Bi Sindano na Chumba cha Mikono

Dada yangu ni fundi cherehani wa hospitali. Anashona mashuka, magauni ya wagonjwa, mapazia ya wodini na zile kofia za kijani wanazovaa madaktari wa upasuaji. Wafanyakazi wanamwita Bi Sindano, na jina hilo limewahi kuzua kizaazaa. Mzee mmoja aliyelazwa wodi ya wanaume aliambiwa, "Tulia hapo, Bi Sindano anakuja kukuona." Mzee alishuka kitandani akashika njia ya mlangoni, viatu mkononi. Kumbe dada alikuwa anakwenda kumpima kiuno tu, amshonee mkanda wa kushikilia bandeji. Dada alipoelezwa kisa hicho alicheka mpaka akaegemea cherehani. Anakisimulia mpaka leo, na kila akikisimulia anakitia chumvi zaidi. Siku hizi mzee ameshafika barabarani na nusu ya wodi inamfuata.

Anakisimulia kwa mikono. Dada ni kiziwi tangu ana miaka minne, alipougua homa ya uti wa mgongo. Mimi nilizaliwa mwaka uliofuata, kwa hiyo sauti yake ya utotoni ninaisikia kwa watu tu. Alipofika miaka minane alipelekwa shule ya bweni ya viziwi. Akakaa miaka miwili, kisha siku moja, katikati ya muhula, akarudishwa nyumbani na sanduku lake, na hakwenda tena. Alama alizorudi nazo ndizo nilizokulia. Nilizijua kama mtoto anavyoijua njia ya kwenda kisimani, hakuna aliyenikalisha chini kunifundisha.

Mama hakujifunza. Alikuwa na ishara zake ishirini hivi: kula, lala, njoo, mvua, mgonjwa, acha. Zaidi ya hapo, alimsemea. Mgeni akimkaribisha dada chakula, mama anajibu, "Huyo ameshiba." Fundi wa rangi akiuliza chumba cha dada kipakwe rangi gani, mama anasema, "Huyo hapendi makuu, mpakie nyeupe." Dada alitaka rangi ya machungwa. Na mbele ya majirani hata zile ishara ishirini mama hakuzitumia. Aliikunja mikono mapajani akamwangalia dada kwa jicho la kumwomba aelewe. Ni haya tu, wala si chuki. Mama ni mtu anayechana nywele kabla ya kufungua dirisha.

Mimi ni muuguzi wa wodi ya watoto katika hospitali hiyohiyo, kwa hiyo nimekuwa mkalimani wa dada nyumbani na kazini. Ndivyo nilivyokuwapo siku ya miwani.

Ukumbi wa mazoezi ya viungo ulikuwa umepata miwani sita, zile kubwa zinazofunika macho yote. Mgonjwa akiivaa haoni tena ukumbi, anajiona yumo katika chumba kingine, chenye madirisha marefu na sakafu ya kijani. Wengine waliovaa miwani kama hizo, hata wakiwa hospitali za miji mingine, wanaonekana humo humo, kila mmoja ana umbo la kuchorwa alilojichagulia. Mnaonana, mnazungumza, mnarushiana mpira. Waliopata kiharusi waliinua mikono humo kwa bidii ambayo ukumbini hawakuwa nayo, kwa sababu humo kulikuwa na mtu wa kumshinda. Ukutani kulikuwa na televisheni iliyoonyesha chumba kizima, kama vile kamera imetundikwa kwenye kona, ili mtaalamu wa viungo awaangalie.

Sasa, sponji ya kwenye miwani, inayogusa uso, ilikuwa imeanza kumeguka na kuwatoa wagonjwa vipele. Mtaalamu wa viungo, kijana mrefu asiyekosa peni sikioni, akazileta kwa dada. Dada alizigeuza, akazinusa, akakunja uso. Akaniambia kwa mikono, "Mwambie nitashona za pamba zenye bitana, za kuvua na kufua. Lakini lazima nivae kwanza nijue zinabana wapi."

Tukaenda ukumbini akavaa. Kwenye televisheni nikaona mwanamke mwenye gauni la njano ametokea katikati ya watu saba waliokuwa wakirushiana mpira. Dada alifanya anachofanya kila anapoingia mahali: aliwatazama midomo. Dada anasoma midomo vizuri sana, ukimsengenya chumba cha pili anakujua. Lakini midomo ya maumbo yale ilikuwa inafunguka na kufungika tu, kama ya samaki. Haikutamka neno.

Akanigeukia, au tuseme aligeukia upande alioniacha, akasema kwa mikono, "Huku hata midomo ni bubu. Nitoe."

Miwani zile zina macho yake, zinaiona mikono ya mvaaji. Kwa hiyo yale aliyoniambia mimi, mwanamke wa gauni la njano aliyasema pia mbele ya watu wote. Mwanamume mmoja mwenye koti jekundu aliuacha mpira ukapita. Akasogea mpaka mbele ya dada, akainua mikono polepole, kama mtu asiyeamini macho yake.

"Wewe kiziwi?"

Dada akatikisa kichwa kukubali.

"Mimi pia," akasema yule. "Wiki tatu nipo humu na sijui wanasema nini. Nadhani wananiambia nirushe mpira."

Walizungumza dakika arobaini. Mtaalamu wa viungo aliangalia saa mara mbili, kisha akavuta kiti akaketi. Yule mwanamume alikuwa kinyozi wa mji ulio mbali nasi, safari ya siku mbili kwa basi. Aligongwa na pikipiki akavunjika nyonga, na hospitali ya kwao ilikuwa imempa miwani ili ajifunze kusimama tena. Alama zake nyingine hazikufanana na zetu, basi walikuwa wakisimama na kupatana: wewe "asubuhi" unaisemaje, mimi naisema hivi, haya tuichukue yako.

Shida hazikukosekana. Mkono mmoja ukipita nyuma ya mwingine, miwani inaupoteza, na vidole vinachanganyikana kama uzi uliotoka kwenye kibiringo. Zaidi ya hayo, maumbo yale hayana nyusi za kupandisha, na katika lugha ya alama ni uso ndio unaouliza. Kinyozi akisema "umekula," huwezi kujua kama anauliza au anatoa taarifa. Wakakubaliana kuwa anayeuliza ainamishe bega la kulia. Alama zinazopishana mikono wakazitenganisha, wakazifanya pana kidogo. Dada alizihangaikia kwa siku nyingi, akijaribu mbele ya kioo cha chumba cha kushonea, kama anavyohangaikia kola isiyokaa shingoni.

Sponji za pamba zilikamilika wiki hiyo hiyo, na mganga mkuu alizipenda. Mtaalamu wa viungo aliitumia nafasi hiyo kumwombea dada ruhusa, na akaruhusiwa kutumia miwani kila Jumamosi mchana, ukumbi unapokuwa mtupu. Kinyozi akamleta mwalimu mstaafu wa hesabu. Mwalimu akawaleta mwoka mikate na pacha wawili wanawake ambao waligombana kuanzia kuingia mpaka kutoka. Baada ya miezi miwili walikuwa tisa, kutoka miji mitano. Wakakiita Chumba cha Mikono.

Humo ndipo nilipomwona dada vizuri. Nyumbani alikuwa mcheshi kwangu mimi, na kazini kwa watu wawili watatu wenye subira ya kumfuatisha. Mle ndani alikuwa na hadhira. Aliwaigiza madaktari wetu mmoja mmoja: yule anayetembea kama sakafu ina moto, yule anayeandika bila kumtazama mgonjwa, na mimi, mdogo wake, ninavyokemea watoto huku nikiwapa pipi. Walikuwa wakicheka mpaka maumbo yao yanakatika na kurudi.

Mama alifika ukumbini Jumamosi moja baada ya kupimwa presha. Alikuwa ananitafuta mimi nimpe ufunguo. Nikamwambia akae apumzike, naye akakaa, mkoba mapajani, akawa anatazama televisheni.

"Yule wa gauni la njano ni nani?" akauliza. "Naona wamemzunguka yeye."

"Ndiye dada, mama."

Akamtazama dada halisi, aliyesimama hatua tano kutoka kwake, miwani usoni, mikono ikikata hewa. Akaitazama tena televisheni.

"Wanacheka nini?"

Nikaanza kumtafsiria kisa cha mzee na viatu. Kilikuwa kirefu kuliko nilivyokijua. Mama hakucheka. Alisikiliza mpaka mwisho, kisha akasema, "Kwani huyu ni mchekeshaji?"

"Tangu zamani, mama."

Halafu akasema kwa sauti ndogo, kana kwamba anajisemea, "Miaka yote hii naishi na mtu mcheshi ndani ya nyumba, na sina habari."

Jumamosi iliyofuata aliniuliza kama na yeye anaweza kuvaa. Alichotaka kujua ni kitu kimoja tu. "Humo ndani kuna mtu anayenijua?"

"Hakuna, ila dada tu. Unachagua umbo, unaingia."

Akachagua msichana mrefu mwenye koti la bluu. Mama ana miaka sitini na minane na kimo chake kinanifika begani. Aliingia akasimama kwenye kona, mikono ameikunja kama kawaida yake. Kinyozi alimfuata. Akamwonyesha alama ya "karibu." Mama akajaribu, akakosea, akageuka kuangalia kama kuna anayemcheka. Hakuna. Akajaribu tena.

Nadhani ndicho kilichomfungua. Nyumbani kulikuwa na dirisha, na nje ya dirisha kulikuwa na jirani. Humo alikuwa msichana wa koti la bluu asiye na jirani, na msichana huyo hakuona haya kukosea. Alijifunza alfabeti ya vidole kwa wiki mbili. Akajifunza mama, baba, mtoto, shule, nyumba, jana, kesho. Tukirudi nyumbani alirudia ishara zake ishirini kana kwamba hakuna kilichotokea, na dada hakumsukuma. Dada aliniambia, "Muache. Nguo mpya huwa inambana kwanza."

Ilikuwa Jumamosi ya saba ya mama pale mwalimu mstaafu alipowauliza wote walisoma wapi. Zamu ya dada ilipofika akasema, "Miaka miwili tu. Baba aliona kiziwi hana haja na shule, akaagiza nirudishwe."

Hivyo ndivyo dada alivyoamini. Ndivyo nilivyoamini na mimi. Baba alifariki dada akiwa na miaka ishirini na mitatu, na kwenye mazishi dada alisimama nyuma ya watu wote.

Msichana wa koti la bluu alikuwa amesimama kando. Alishaijua alama ya baba na alama ya shule. Akainua mkono.

"Baba hapana," akasema. "Mimi."

Mikono yote mle ndani ikatulia. Mama akaendelea kwa maneno machache aliyokuwa nayo, akiyapanga moja moja kama mtu anayevuka mto juu ya mawe. "Mimi nilikuja shule. Wewe, watoto, mikono, haraka haraka. Wewe kuniona, hapana. Mimi nasimama. Mimi sijui. Mimi naogopa. Mimi nakuchukua."

Dada aliinamisha bega la kulia.

Mama hakuwa na maneno zaidi. Akanigeukia mimi kwa sauti, miwani bado usoni. "Mwambie. Mwambie nilikwenda kumtembelea nikamkuta uwanjani na wenzake, wanazungumza, wanacheka, mikono inakwenda sijui ngapi ngapi. Nilisimama pale muda mrefu hajaniona. Nikaona mtoto wangu amehamia mahali nisipoweza kuingia. Nikaogopa. Nikaenda kwa mwalimu mkuu nikasema namhitaji nyumbani."

Nikavaa miwani nyingine ili dada anione, nikatafsiri. Ni kazi ngumu kuliko zote nilizowahi kufanya, na mimi nimewahi kuwapa wazazi habari mbaya. Dada alisubiri mpaka nikamaliza. Kisha akavua miwani, akaiweka kwenye kisanduku chake, akatoka.

Nilimkuta chumba cha kushonea, anapiga pindo la shuka. Alishona shuka nne bila kuinua kichwa. Mwishowe akasimamisha cherehani.

"Nilikuwa wa pili darasani," akasema. "Na marehemu nimemnunia miaka thelathini na moja kwa kosa lisilo lake."

Nikamsaidia kukunja shuka.

Jumamosi mbili hakwenda. Nyumbani alikula chumbani kwake, akimpita mama mlangoni kama mtu anayempita mpangaji mwenzake. Mama hakulalamika, lakini hakuacha kwenda. Kila Jumamosi alijifunga kitambaa chake kizuri, akanipitia kazini, akavaa miwani. Nilikuwa na wagonjwa wangu, sikuweza kukaa naye, kwa hiyo sikujua anafanya nini humo. Tulikuja kujua kwa Kinyozi. Alimtumia dada video kwenye simu, amesimama mbele ya kiti chake cha kunyolea, fimbo ameitundika mkononi.

"Mama yako ni mwanafunzi mbishi kuliko wateja wangu wote," alisema. "Anataka kusema jambo refu na alama hana. Nilimshauri aanze na fupi, akakataa. Njoo umsikilize, ametuchosha."

Dada aliitazama video ile mara mbili, mara ya pili akiwa amesimama.

Jumamosi ya tatu alikuja akiwa amechelewa. Mama alikuwa ameshaingia. Dada akavaa, akasimama mbali, upande wa madirisha. Wenzake walimwona, wakasogea pembeni bila kuambiwa. Msichana wa koti la bluu akaja katikati ya sakafu ya kijani. Nilikuwa nimebadilishana zamu siku hiyo, kwa hiyo nilikuwapo, nimekaa mbele ya televisheni.

Mama alisema polepole, na safari hii hakunigeukia.

"Shule ilikuwa nzuri. Wewe ulikuwa na furaha. Mimi nilikuonea wivu. Baba alinigombeza mwaka mzima. Alisema, mrudishe mtoto shule. Nilikataa. Nilikukosea wewe. Nilimkosea na yeye."

Dada akauliza, bega chini, "Kwa nini hukuniambia?"

Mama aliifikiria alama, akaipata. "Kwa mikono gani?"

Walisimama hivyo. Sijui ni muda gani, najua tu kuwa wale pacha hawakugombana. Kisha dada akasema, "'Nilikukosea' umeisema vibaya. Umesema 'nilikupoteza.'"

Mama akarudia, akakosea vilevile. Dada akanyoosha mkono kumrekebisha vidole, lakini humo ndani mikono haishikani, inapitiana kama moshi. Akajaribu mara mbili. Mwishowe akavua miwani, akavuka zile hatua tano za ukumbini mpaka aliposimama mama wa kweli, mfupi, kitambaa kimelegea, miwani ingali usoni. Akamshika mkono. Mama alishtuka, maana katika chumba chake hapakuwa na mtu karibu. Halafu akatulia. Dada akamkunja kidole cha kati, akamnyoosha cha shahada, akauelekeza mkono mzima kifuani. Kwenye televisheni tukamwona msichana wa koti la bluu akisema peke yake, vizuri sasa, mara tatu.

Sitadai kwamba yaliisha siku hiyo. Dada alikuwa na maswali ya miaka thelathini na moja, na alimuuliza mama moja baada ya jingine, hasa kuhusu baba: alisema nini, alisimama wapi, alikasirika vipi. Mengine yalimuumiza upya, akanuna siku mbili tatu. Lakini alikuwa akinuna sebuleni, sio chumbani. Mwezi uliofuata alikwenda peke yake kaburini kwa baba akakaa huko asubuhi nzima. Alichomwambia hajatueleza.

Mwalimu mstaafu sasa anamfundisha yeye na yule mwoka mikate, Jumatano jioni, humo humo chumbani. Dada anataka kufanya mtihani wa kumaliza shule ya msingi. Hesabu anaziweza, kupima kitambaa kumemsaidia. Insha zinampiga chenga.

Mama ilimchukua muda mrefu zaidi kutoa mikono yake nje ya ukumbi ule. Alianza jikoni, pazia limeshushwa. Halafu sebuleni. Juzi nilipita nyumbani mchana kuchukua sufuria yangu. Mlango ulikuwa wazi, na dirisha la upande wa jirani pia. Niliwakuta wamesimama wanabishana kuhusu kabati lihamie ukuta gani, mama mikono imejaa unga, kila alama ikiangusha kidogo sakafuni. Nikauliza kwa mazoea yangu, "Anasemaje, nikutafsirie?"

"Subiri," mama akasema bila kunitazama. "Tunazungumza."

Nikavuta kigoda, nikakaa.